Fulani Aliyezaliwa na Fulani: Kusoma Majina na Jamaa za Misri ya Kale

Anayeanza kusoma maandishi ya makaburi ya Misri ya kale hutafuta kwanza jina la ukoo, na hapo ndipo anapopotea. Wamisri hawakuwa nalo. Mwanamke akiolewa aliendelea na jina lake lilelile, watoto hawakubeba jina la baba kama kipande cha jina lao, na jina moja liliweza kuwa la watu kumi wa mtaa mmoja. Kule Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme ng'ambo ya magharibi ya Thebes, akina Amennakht, Neferhotep na Khaemwaset wamejaa. Ukiandika "Amennakht" peke yake hujasema kitu. Makarani wa kijiji walilijua hilo, ndiyo maana wakaandika "Amennakht mwana wa Ipuy", au wakatanguliza kazi ya mtu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ambayo kazi hii humfundisha mtu, mara nyingi kwa gharama, ni kumshika Mmisri kwa vitu vinne kwa pamoja: jina, cheo, mzazi mmoja angalau, na mahali jiwe au mafunjo (karatasi za matete) yalipopatikana. Vitatu vikilingana katika maandishi mawili, unaweza kudhani kwamba ni mtu mmoja. Vikilingana viwili tu, andika kwa penseli. Na katika wazazi wawili, mama ana uzito kuliko baba, kwa sababu watoto wa baba mmoja na wake wawili ni jambo la kawaida (mtu alifiwa akaoa tena, au aliachana na mkewe), na jina la mama ndilo linalowatenga.

Jina lilitolewa papo hapo mtoto alipozaliwa, na aghalabu mama ndiye aliyelitoa. Maelezo ya wazi zaidi yamo katika hadithi za mafunjo ya Westcar, yaliyohifadhiwa Berlin. Reddjedet ana uchungu wa mapacha watatu. Mungu wa kike Isis anakaa mbele yake, mwenzake Nephthys nyuma, mwenzao Heqet anauharakisha uzazi, na kila mtoto anapokaribia kutoka Isis anatamka maneno yanayocheza na sauti za jina lake: asiwe na nguvu mno tumboni, na ile "nguvu" ndiyo inayosikika katika jina la mfalme Userkaf. Mtoto anateleza mikononi, urefu wake dhiraa moja, anaoshwa, kitovu kinakatwa. Mama anakaa siku 14 za kujitakasa. Ni hadithi, haikuandikwa na mkunga, lakini inalingana na yale majina mengi yanayosikika kama kauli iliyotoka kinywani pale pale: "Nakht" ni mwenye nguvu, "Seneb" ni mzima, "Imhotep" ni aliyekuja kwa amani, "Nefertiti" ni mrembo amefika.

Kundi kubwa kuliko yote ni la majina yanayomtaja mungu, na mengi ni sentensi nzima. Amenhotep ni "Amun ameridhika". Amenemhat ni "Amun yuko mbele". Amenemheb ni "Amun yuko katika sikukuu", na Mutemwia ni "Mut yumo ndani ya mashua", yaani ile mashua ya mungu iliyobebwa mabegani kwenye maandamano. Inavutia kudhani kwamba watoto wa majina haya mawili walizaliwa siku za sikukuu. Wa kwanza kupewa pengine ndivyo, lakini jina likishaingia katika jamaa hurithiwa na mjukuu aliyezaliwa siku yoyote, kwa hiyo usilitumie kama cheti cha kuzaliwa.

Majina ya mungu hubadilika umbo kadiri karne zinavyopita, na hapo yanakuwa na faida ya pekee. Kuanzia mwisho wa Ufalme Mpya, yaani karibu mwaka 1070 KK na kuendelea, yanafurika majina ya aina tatu. La kwanza huanza na Padi-, "yule aliyetolewa na": Padiaset ametolewa na Isis, na mwenzake wa kike ni Tadiaset. Wasomaji wa Biblia wanalifahamu bila kujua, maana Potifera, kuhani wa Oni, ni "yule aliyetolewa na Ra". La pili ni Nes-, "ni wa": Nesptah ni wa Ptah. La tatu ni refu na linapendeza: Djed-Khonsu-iuf-ankh, "Khonsu amesema: ataishi". Nyuma yake kuna mzazi aliyekwenda hekaluni kumuuliza mungu kama mimba itatulia, au kama mtoto atapona, akajibiwa. Hapa angalia herufi moja tu katikati. Iuf- ni wa kiume, ius- ni wa kike, hivyo Djed-Mut-ius-ankh ni mwanamke. Ukikosea herufi hiyo, umemgeuza binti kuwa mwana, na ukoo wote unaohesabiwa kupitia kwake unaporomoka.

Jamaa ya Petosiris, kuhani mkuu wa Thoth mjini Hermopolis mwishoni mwa karne ya 4 KK, inaonyesha aina hizo zikikaa nyumba moja. Yeye mwenyewe ni Padi-Usir, aliyetolewa na Osiris. Kaka yake ni Djed-Djehuty-iuf-ankh, Thoth amesema ataishi. Ukikuta jina la umbo hilo kwenye kitu ambacho muuzaji anadai ni cha enzi za piramidi, shaka iwe ya kwanza kukujia.

Yapo pia majina ya kinga. Malkia wa nasaba (ukoo wa wafalme) ya 26 aliitwa Khedebneithirbinet, "Neith ameliua jicho baya". Mtu aliyekulia pwani, akawaona watoto wachanga wakipakwa wanja kipajini ili hasidi asiwadhuru, hahitaji kueleweshwa zaidi. Inaros, aliyewaasi Waajemi katika karne ya 5 KK, alibeba jina la Kimisri linalosema jicho la Horus liko dhidi yao. Hao "wao" hawatajwi, na ni maadui.

Kisha kuna ya wanyama, mimea na asili za watu. Mfalme mmoja wa nasaba ya 22 aliitwa Pami, dume la paka. Seshen, yungiyungi, lilipita katika Kiebrania na lugha nyingine hadi likawa Suzana tunayemwita leo. Panehesy maana yake ni "Mnubi", nalo ndilo lililomo katika Finehasi wa Biblia. Hapa pana mtego: aliyeitwa Panehesy si lazima awe Mnubi, kama vile aliyeitwa Pakharu si lazima awe Msiria. Huenda babu alikuwa, huenda rangi ya mtoto iliwakumbusha watu, huenda jina lilipendwa tu. Asili ya mtu ithibitishwe kwa mavazi, vyeo na majina ya wazazi wake. Na kinyume chake hutokea pia: mgeni hujificha ndani ya jina la Kimisri. Mtumishi wa mezani kwa mfalme wakati wa Ramses II na Merneptah anaandikwa Ramesesemperre, jina linalomtukuza mfalme. Kumbe kwao alikuwa Ben-Azen, mtu wa nchi za Siria.

Majina yanayobeba jina la mfalme yanapendwa sana na wanaotafuta tarehe, na kwa sehemu wana haki. Aliyeitwa Khufuankh hakuzaliwa kabla ya mfalme Khufu kujulikana. Lakini hayo ndiyo yote yanayothibitishwa: mwanzo unaupata, mwisho huupati. Katika barua za mkulima na kuhani Heqanakht, zilizoandikwa mwanzoni mwa Ufalme wa Kati, karibu 1950 KK, yumo kijana anayedekezwa aitwaye Snefru. Mfalme Snefru alikuwa amekufa zaidi ya miaka 600 nyuma.

Sasa namna ya kulisoma jina lenyewe. Hieroglifi haziandiki irabu. Tunachopata ni konsonanti, na wasomaji wa leo huchomeka "e" ili ulimi upite. Ndiyo sababu mtu mmoja ni Amenhotep, Amenhotpe na, kwa Kigiriki, Amenophis. Senusret ndiye Sesostris, Khufu ndiye Cheops. Wala usidhani matamshi ya vitabuni ndiyo waliyoyasikia Wamisri. Barua za kikabari (mwandiko wa alama za kabari kwenye vigae vya udongo) walizoandikiana na wafalme wa Asia zina irabu, na humo jina la kiti cha enzi la Ramses II, Usermaatre Setepenre, linaandikwa Washmuaria Shatepnaria, na mkewe Nefertari ni Naptera. Unapoandaa orodha, chagua tahajia moja, ishike mpaka mwisho, na weka nyingine pembeni kwa ajili ya kutafutia.

Kosa kubwa zaidi hutokana na heshima. Ndani ya jina, mungu huandikwa kwanza hata kama hutamkwa mwisho, kwa sababu haifai atangulie mwanadamu. Khafre huandikwa na jua la Ra mbele. Wataalamu wa karne ya 19 walilisoma jina la wafalme wa nasaba ya 12 kama lilivyoandikwa, wakapata "Usertesen", na vitabu vikajaa Usertesen wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baadaye ikaeleweka kwamba Wosret ni mungu wa kike aliyepandishwa mbele kwa adabu, na jina ni Senusret, "mtu wa Wosret". Ukitumia vitabu vya zamani vya maktaba utakutana nao hao Usertesen. Ni walewale.

Mwishoni mwa jina huwekwa kiainishi: mwanamume aliyeketi, mwanamke aliyeketi, au mheshimiwa kitini. Usikipite. Ahmose lilikuwa jina la wanaume na wanawake, na bila ile picha ndogo huna njia ya kujua. Jiwe likimeguka hapo, kimbilia cheo au kiwakilishi kinachofuata. Kartushi, ile duara iliyorefushwa, ni ya mfalme na watu wachache wa nyumba yake. Lakini ikiwa ndani ya jina la raia, inaonyesha tu kwamba raia huyo ameitwa kwa jina la mfalme.

Mtu mmoja aliweza kuwa na majina mawili, na hili huwazidishia watu idadi ya ndugu. Katika Ufalme wa Kale, enzi za piramidi kubwa, walitofautisha "jina kubwa" na "jina zuri". Jina kubwa ni rasmi, mara nyingi lina mungu au mfalme ndani yake. Jina zuri ni fupi, la kuitia nyumbani. Mawaziri wawili wa mfalme Teti waliozikwa Saqqara ni mfano: Kagemni aliitwa Memi, Mereruka aliitwa Meri. Katika Ufalme Mpya vifupisho vilikuwa vya kawaida kiasi kwamba Amenhotep kuwa Huy ni kama Abdallah kuwa Dula. Gavana wa Kush (Nubia) chini ya Tutankhamun ni Amenhotep aitwaye Huy. Mahu ni Amenemheb. Hata Ramses II aliitwa Sese. Ukikuta baba ameandikwa Huy kwenye jiwe moja na Amenhotep kwenye jingine, usikimbilie kusema mama aliolewa mara mbili.

Tuje kwenye jiwe la kumbukumbu lenyewe, lile bamba lililosimamishwa Abydos, mji mtakatifu wa Osiris, au kaburini. Mpangilio wake ukishauzoea hauchoshi macho. Linaanza na maneno hetep-di-nesu, sadaka anayoitoa mfalme. Linafuata jina la mungu, mara nyingi Osiris, kisha vyakula: mkate, bia, nyama ya ng'ombe, ndege, vyombo vya alabasta, nguo, mara nyingi "elfu" kwa kila kimoja. Halafu "kwa ka ya" (ka ni roho ya mtu inayopokea sadaka), na hapo ndipo penye faida: cheo, jina, wazazi, na hatimaye maa-kheru, "mkweli wa kauli", ambalo kwa kawaida huambatana na marehemu. Nasema kwa kawaida. Waliojiandalia kaburi wakiwa hai walijiandikia pia, kwa hiyo maa-kheru peke yake haitoshi kumzika mtu katika jedwali lako.

Wazazi hutajwa kwa maneno machache: "sa" mwana wa, "sat" binti wa, "ir.n" aliyefanywa na, "mes.n" aliyezaliwa na. Hilo la mwisho hufuatwa na mama. Chini ya maandishi makuu hupangwa safu za ndugu, kila mmoja na jina lake na la mama yake. Anza kwa kuandika kila "mes.n" unalolikuta, ukiyapanga kwa majina ya akina mama. Makundi ya watoto wa tumbo moja yatajitokeza yenyewe kabla hujachora mstari wowote. Waliosalia bila mama, waache pembeni. Huenda si ndugu bali watumishi na wenzi wa kazi, maana nao walipewa nafasi katika jiwe.

Katika sehemu ya Ufalme wa Kati kuna mtego mwingine wa heshima: baba hutangulia. Kwenye kaburi namba 3 la Beni Hasan mwenye kaburi ameandikwa kwa mfuatano Nehri, mwana, Khnumhotep. Asiyejua husoma "Nehri mwana wa Khnumhotep". Ni kinyume: ni Khnumhotep, mwana wa Nehri. Pima kwa cheo na kwa maa-kheru, kwani vyote ni vya mwenye kaburi, yaani jina la mwisho. Kisha pima kwa maelezo marefu. Khnumhotep huyu anasema wazi kwamba mama yake ni Baket, binti wa mtawala, na kwamba mwaka wa 19 wa Amenemhat II alipewa Menat-Khufu, mahali pa baba wa mama yake, ambaye naye ni Khnumhotep. Mjukuu kaitwa jina la babu mzaa mama na karithi eneo la babu huyohuyo. Mwanawe Nakht vilevile akapata jimbo kupitia upande wa mama yake. Anayehesabu cheo kwa mstari wa baba pekee hataielewa nyumba hii.

Maneno ya jamaa ndiyo yaliyowachanganya wasomi kwa muda mrefu. Ya msingi ni sita tu: it, baba, mut, mama, sa, mwana, sat, binti, sen, kaka, senet, dada. Ongeza mume na mke. Hakuna neno pekee la mjomba, shangazi, babu, mjukuu au binamu. "It" humfikia babu, babu wa babu na hata baba mkwe. "Sa" humfikia mjukuu, kitukuu na mume wa binti. "Sen" humfikia mjomba, ami, mpwa, binamu na shemeji. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwani "ndugu" wetu ana upana unaokaribiana na huo. Anayedhani ndugu lazima awe wa tumbo moja ndiye anayepata shida.

Walipohitaji kubainisha, waliunganisha. "Ndugu wa mama" ni mjomba. Na ndilo jina la Senenmut, mtumishi mkuu wa Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao. Muungano ninaoupenda kuliko yote uko el-Kab, katika kaburi la Ahmose aliyepigana na Hyksos, wageni waliotawala kaskazini mwa Misri, kule Avaris, mji wao mkuu. Baba yake, askari, jina lake lilikuwa Baba, lakini yeye anajulikana kama Ahmose mwana wa Ibana, na Ibana ni mama. Aliyesimamia kazi ya kaburi ni mchoraji Paheri, naye anajitambulisha kuwa mwana wa binti yake, anayelihuisha jina la baba wa mama yake. Hakuna nafasi ya kubisha: ni mjukuu kwa upande wa kike. Kulihuisha jina lilikuwa wajibu uliotajwa kwa maneno hayohayo kwenye sanamu na mawe mengi, "mwanawe ndiye anayelihuisha jina lake", na ukiliona jua kwamba aliyetajwa hapo ndiye aliyegharimia kitu hicho.

Kuanzia Ufalme Mpya mume alianza kumwita mkewe "senet", dada. Ni neno la mapenzi. Wasomi wa awali walilichukua kama lilivyo, wakatangaza kwamba Wamisri wote walioa dada zao. Wafalme walifanya hivyo mara kadhaa. Hatshepsut na Thutmose II walikuwa wa baba mmoja. Kwa raia wa enzi za mafarao ushahidi ni haba mno. Usikubali mpaka uone baba na mama wa wote wawili wametajwa, nao wamelingana. Ajabu ni kwamba enzi za Warumi jambo hilo lipo kweli. Sensa ya nyumba iliyofanywa kila miaka 14 ina wenye nyumba wanaoandika mke wangu, ambaye ni dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Huo ndio uthibitisho wa kutosha, lakini usiurudishe nyuma miaka elfu moja.

Hata hivyo, mahusiano yangeweza kubadilishwa kwa karatasi. Wakati wa Ramses XI, karibu 1100 KK, msimamizi wa mazizi ya farasi Nebnefer, ambaye hakuwa na mtoto, alimfanya mkewe Rennefer kuwa binti yake mbele ya mashahidi, ili mali isiende kwa ndugu zake. Miaka 17 baadaye mambo yakasonga tena. Walikuwa wamenunua mjakazi aliyezaa watoto watatu, na Rennefer aliwalea. Padiu, mdogo wake Rennefer, akamwoa binti mkubwa. Rennefer akawaacha huru wote na kuwafanya watoto wake, pamoja na Padiu. Basi mwanamke huyu ni mke na binti wa mtu mmoja, na Padiu ni mdogo wake, mwanawe na mkwewe. Ungekuwa na mawe manne tu ya jamaa hii bila yale mafunjo, kila jiwe likitumia neno moja, ungeapa kwamba mchongaji kakosea.

Nasaba ndefu, yaani orodha za mababu, ni za enzi za baadaye, makuhani walipojivunia mababu. Zinafupisha kwa maneno "mi-nen", yaani mwenye cheo kilekile, kabla ya kila jina. Usiyasome kama sehemu ya jina. Jiwe la Pasenhor la Serapeum (makaburi ya mafahali watakatifu) ya Saqqara, la mwaka wa 37 wa Shoshenq V, linapanda kutoka kwake hadi kwa Osorkon II, Takelot I, Osorkon I, Shoshenq I, na nyuma yao machifu wa Walibya hadi Buyuwawa. Bila hilo mpangilio wa nasaba ya 22 ungekuwa na mashimo zaidi. Lakini orodha za namna hii zina ugonjwa wake. Jina la babu hupewa mjukuu, hivyo majina mawili hupishana kizazi kwa kizazi: baba wa Montuemhat, meya wa Thebes, ni Nesptah, na mwanawe ni Nesptah. Mchongaji anayenakili orodha kama hiyo jicho lake huruka kutoka Nesptah mmoja hadi mwingine, na vizazi viwili vinapotea bila alama. Hesabu kwa wastani wa miaka 25 kwa kizazi, linganisha na wafalme waliotajwa, na pengo likizidi miaka 50, shuku mruko kabla ya kushuku umri mrefu.

Jina lilihesabiwa kuwa kiungo cha mtu, sawa na moyo na kivuli, na hilo lina matokeo katika maandishi unayoyasoma. Waliohukumiwa kwa njama dhidi ya Ramses III waliandikwa kwa majina yaliyopotoshwa: mmoja ni Mesedsure, "Ra anamchukia", ambaye bila shaka alizaliwa Meresure, "Ra anampenda". Mwingine ni Binemwaset, "mbaya mjini Thebes". Usiwatafute kwa majina hayo kwenye orodha za mishahara. Mawakala wa mfalme Akhenaten, aliyempiga vita mungu Amun, walikwangua jina la Amun hata ndani ya kartushi ya baba yake, Amenhotep III, kwa hiyo pengo mahali pa Amun ni dalili nzuri kwamba kitu kilikuwepo kabla au wakati wa utawala huo. Na vitabu vya wafu, mafunjo ya maneno ya kumlinda marehemu, viliuzwa vikiwa tayari, na nafasi tupu ya jina. Mwandiko wa jina ukitofautiana na wa matini, si bandia. Jina la mnunuzi lilijazwa baadaye, na wakati mwingine halikujazwa kabisa.

Katika matabano na hirizi kanuni ni moja: "fulani aliyezaliwa na fulani", na fulani wa pili daima ni mwanamke. Dawa haimpati mtu kwa jina la baba. Waganga wa falaki wa pwani yetu, wanaouliza jina lako na la mama yako kabla ya kupiga hesabu ya nyota, wangeielewa karatasi hiyo bila mkalimani.

Jamaa mbili zinafaa kwa mazoezi. Ya kwanza ni ya Naunakhte wa Deir el-Medina, aliyeusia mbele ya baraza mwaka wa 3 wa Ramses V. Aliolewa kwanza na karani Qenherkhepshef bila kupata mtoto, kisha na fundi Khaemnun, akazaa wanane. Mmoja wa wana hao anaitwa Qenherkhepshef. Anayehusisha jina na damu atampa baba asiye wake. Ni jina la mume wa kwanza, na baba ni Khaemnun. Mama huyu aliwanyima baadhi ya watoto sehemu yake kwa kuwa hawakumtunza uzeeni, huku fungu la baba yao likibaki lao. Mali za mume na mke zilihesabiwa mbali, theluthi mbili za mume kwa moja ya mke, na ndiyo sababu wasia unawataja watoto haohao mara mbili kwa hukumu tofauti.

Ya pili ni ya Memphis, karne ya 1 KK. Taimhotep, ambaye jina lake humaanisha "yule wa Imhotep", aliolewa mwaka 58 KK na Psherenptah, kuhani mkuu wa Ptah. Akazaa mabinti watatu. Walimwomba Imhotep mtoto wa kiume, akazaliwa mwaka 46 KK, akaitwa Imhotep kwa ajili ya aliyeombwa, na Pedubast, jina la babu yake mzaa baba. Mama alifariki 42 KK. Jiwe lake na la mumewe yote yako British Museum, kwa hiyo unaweza kulinganisha pande mbili za nyumba. Ukifanya hivyo, kumbuka tu kwamba Imhotep na Pedubast si wana wawili. Alikuwa mmoja.